Kilo 38 juu ya kwodi ya kilo 210: kisa cha mpwa wangu kule Karen, Nairobi

Mpwa wangu ana miaka 12, na siku ile alipopimwa hospitalini alikuwa na kilo 38. Kwodi baiki iliyomlalia, ile pikipiki ya magurudumu manne, ina kilo 210, hiyo namba nimeisoma mwenyewe kwenye kibati cha chasisi siku nne baadaye nikiwa nimepiga magoti kwa vumbi. Nataka kuandika hiki kisa chote juu kwa familia kila mtu ako na hadithi yake, kuna wenye wanasema mtoto alikuwa mtundu, kuna wenye wanasema dada yangu alikosea kumruhusu apande, na mimi nimefungua hiyo mashine nikaiangalia, alafu nikakaa chini nikasoma sheria, na sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili.

Mimi ni fundi wa pikipiki, gereji yangu iko Grogan, pale Kirinyaga Road. Boda nimezishika miaka mingi mpaka nikisikia tu mlio najua ni valvu ama ni cheni. Kwodi nimetengeneza chache, za watu wa mashamba na za vijana wa kukodisha, so nilienda kuangalia hii nikijua nini natafuta. Siku yenyewe sikuwepo. Nilialikwa na nikasema niko na kazi, na hilo linaniuma mpaka leo kwa sababu ningekuwepo singemwacha mtoto apande hiyo kitu.

Ilikuwa Jumamosi ya likizo ya Agosti, besidei ya binamu yake. Walienda watu kumi na mmoja, watoto wakiwa sita, wengine na gari na wengine na matatu ya 24, mpaka kiwanja kimoja upande wa Karen, sehemu ya kuchoma nyama na bembea na kwodi. Jina sitalitaja. Pale geti dada yangu alipewa fomu ya ukurasa mmoja, akasaini kwa niaba ya mtoto, akalipa shilingi 2,000 kwa M-Pesa, za dakika 30. Hakuna mtu aliuliza mtoto ana miaka mingapi. Hakuna mtu aliuliza ana kilo ngapi. Kulikuwa na kwodi mbili ndogo za cc 90 zimefunikwa na trepali kando ya ukuta, dada yangu akaziona akauliza, kijana wa kuongoza akamwambia, "Mama, hizo ni za watoto wadogo, huyu ni kijana mkubwa, atapanda hii." Hii ilikuwa ya cc 250. Mtoto alifurahi sana, na dada yangu akaona kama huyu kijana ndiye anajua kazi, kwani wewe ukiingia kwa ndege unaanza kumuuliza rubani maswali?

Maelezo yalichukua muda wa kufunga helmeti tu. Hapa ni mafuta, hapa ni breki, nifuate, usinipite. Basi.

Msafara ulikuwa wa kwodi tano, kijana wa kuongoza mbele kabisa na nyuma hakuna mtu. Walizunguka mara mbili pale tambarare, vizuri tu, alafu akawaingiza kwenye njia inayopita kando ya mteremko ukishuka kwenye kijito. Ni ule udongo mweusi wa pamba, wenye anaishi Nairobi anaujua, mvua ikinyesha unakuwa kama gundi na jua likiwaka unapasuka na kukauka kama simenti, na alama za tairi za wiki zilizopita zinabaki hapo kama mitaro. Kuna shemeji alikuwa amesimama juu anachukua video kwa simu. Hiyo video ni ya sekunde 19 na nimeiangalia mara nyingi kuliko inavyofaa.

Mtoto ni wa tatu. Mlima uko kulia kwake, bonde kushoto. Njia inapinda kulia kupita kichaka, anakunja hendeli, na mashine haikunji, inaendelea kwenda mbele kama vile hajafanya kitu. Anakunja zaidi. Hapo ndio mwili wake unarudi nyuma kidogo, anashikilia hendeli kwa nguvu, na injini inapiga kelele. Gurudumu la mbele kushoto linaingia kwa mtaro, mashine inainuka upande wa kulia na inampindukia kuelekea bonde. Helmeti inatoka kichwani kabla hajafika chini, unaiona inabingirika peke yake. Kijana wa kuongoza hajageuka bado. Anageuka akisikia watu wanapiga mayowe.

Waliinua mashine watu watatu, injini bado ikiwa inanguruma na magurudumu ya nyuma yanazunguka. Hakukuwa na boksi la huduma ya kwanza, walimfunga mkono na leso ya shangazi yake wakampeleka hospitali kwa gari ya familia. Eksirei ilionyesha mtulinga wa kushoto umevunjika, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda kwa bega, na kwenye shavu la mguu alikuwa na jeraha la kuchomwa na ekzosi, ukubwa wa kiganja. Kichwa kilikuwa salama. Daktari alirudia mara mbili kwamba kichwa kiko salama, na dada yangu hapo ndio alianza kulia.

Sasa mashine.

Nilienda Jumatano, na nitasema ukweli meneja hakunizuia, alinitolea mashine akaniambia nikague vile nataka. Kitu ya kwanza niliangalia ni hapo kwa kidole gumba. Kwodi huwa haina mkono wa mafuta wa kuzungusha kama boda, iko na kidude cha kusukuma na kidole gumba, na kwenye hicho kikasha kuna skrubu ndogo ya kupunguza, ukiikaza kidude hakiendi mbali, injini haipati mafuta mengi, na hata mtoto akisukuma namna gani mashine inaenda polepole. Kijana wa kuongoza alikuwa amemwambia dada yangu "nimeipunguza speedi". Skrubu haikuwepo. Tundu lilikuwa limejaa udongo uliokauka, maana yake haijakuwepo siku nyingi. Sidhani kijana alidanganya kwa makusudi, nadhani aliambiwa wakati anaajiriwa kwamba zimepunguzwa na yeye akawa anarudia tu. Lakini mtoto aliposhtuka na kushikilia hendeli, kidole gumba kilisukuma mpaka mwisho, na mwisho wa ile mashine ni mbali sana.

Kitu ya pili, kamba ya dharura. Hizi mashine nyingi za kukodisha huja na swichi yenye kamba, unafunga kamba kwa mkono ama kwa nguo na ukianguka inachomoka na injini inazima hapo hapo. Swichi ilikuwepo. Kamba haikuwepo, na badala yake waliunganisha waya mbili na selotepu ili mashine iwake bila kamba. Yale magurudumu yaliyokuwa yanazunguka karibu na mguu wa mtoto ni kwa sababu ya hiyo selotepu.

Tatu ni presha ya tairi. Niliipima nikapata psi 22 nyuma, na hii ni kosa la watu wetu wa boda, tumezoea tairi ngumu. Tairi ya kwodi ni pana na laini, presha yake mara nyingi ni kati ya 2 na 5, iko chini hivyo kwa makusudi ili tairi imeze mawe na mitaro. Ukiijaza 22 inakuwa mpira, ikigonga kitu inaruka. Breki zilikuwa sawa, hilo nalisema pia. Helmeti ilikuwa ile ya boda ya nusu kichwa, saizi ya mtu mzima, mkanda umelegea.

Lakini hata ningeikuta hiyo mashine na skrubu yake na kamba yake na tairi zake sawa kabisa, bado haikuwa ya mtoto wa kilo 38, na hapa nataka kukaa kidogo juu ndio watu hawaelewi na ndio wanasema "mtundu".

Kwodi nyingi za aina hii ekseli ya nyuma ni kipande kimoja, hakuna difu. Gari likikata kona, gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani, na difu ndio inaruhusu hiyo tofauti. Kwodi haina, magurudumu yote mawili ya nyuma yanazunguka sawa sawa kila wakati, so ukikunja hendeli mashine inakataa, inataka kwenda mbele moja kwa moja. Dawa yake ni mwili wako. Unasogea mbele kidogo na kuegemea upande wa ndani wa kona, na kwenye mteremko unaegemea upande wa mlima, unatumia uzito wako kuibadilisha mashine. Yaani mwendeshaji ni sehemu ya mashine. Sasa piga hesabu. Mtu mzima wa kilo 80 juu ya kwodi ya kilo 210, yeye ni kama asilimia 28 ya uzito wote. Mpwa wangu alikuwa asilimia 15. Angeegemea mpaka sikio liguse tairi na bado ile mashine isingemsikia vizuri, na hakuna mtu alikuwa amemwambia aegemee.

Alafu kuna kipimo cha mwili chenye hakihitaji hata mizani. Wale wa ATV Safety Institute kule Marekani (ATV ndio jina lao la kwodi) wanafundisha kwamba ukisimama kwenye vikanyagio kunafaa kuwe na nafasi ya inchi 3 mpaka 6 kati ya kiti na mwili wako, vidole vifikie breki za mkono ukiwa umeshika hendeli, na mguu ufikie breki ya mguu. Nilimuuliza mtoto akiwa amelala na kitambaa chake shingoni, "Mguu ulikuwa unafika kwa breki?" Akasema, "Anko, nilikuwa nashuka kwa kiti kidogo ndio nifike." Kuteleza kwa kiti ndio ufikie breki, kwenye mteremko. Na bado kuna mtu anamwita mtundu.

Sasa kuhusu stika. Kwenye fenda ya kushoto niliona rangi imepigwa upya, nyekundu, na chini ya rangi kuna umbo la mraba limeinuka kidogo. Nilikwangua na kucha. Kilibaki kipande cha pembeni cha stika ya onyo, na kwenye hicho kipande unaona namba 16 ndani ya duara. Nilijua hapo hapo ni nini. Hiyo stika inasema mtu wa chini ya miaka 16 asiendeshe hii mashine. Iliwekwa kiwandani. Mashine ilisafiri na sheria yake imebandikwa kwa mwili mpaka bandari ya Mombasa mpaka Karen, alafu mtu akaipulizia rangi ndio ipendeze.

Hiyo namba 16 ina historia na nadhani inafaa watu wetu waijue. Miaka ya themanini Marekani walikuwa na zile za magurudumu matatu, Honda ndio walizianzisha mwaka 1970, na watoto walikuwa wanaumia na kufa mpaka shirika lao la usalama wa bidhaa, CPSC, likaenda mahakamani dhidi ya watengenezaji mwaka 1987. Mwaka 1988 makampuni makubwa matano, Honda, Yamaha, Suzuki, Kawasaki na Polaris, yakakubali mbele ya mahakama kuacha kuuza mpya za magurudumu matatu, kutoa mafunzo bure kwa wanaonunua, na kutouza mashine ya zaidi ya cc 90 kwa matumizi ya mtoto wa chini ya miaka 16. Makubaliano yalikuwa ya miaka kumi, yakaisha 1998. Alafu zikaanza kuingia mashine za bei nafuu kutoka nje, za makampuni ambayo hayakuwa kwenye yale makubaliano, na hiyo ndio sehemu inatuhusu sisi. Ilibidi bunge lao lipitishe sheria mwaka 2008 kwamba viwango ni lazima kwa kila mtu anayeuza, awe ametengeneza au ameagiza, na magurudumu matatu mapya yakapigwa marufuku. Siku hizi mashine za watoto zimepangwa kwa umri, ya miaka 6 na zaidi mwisho wake ni kilomita 24 kwa saa, ya miaka 10 na zaidi mwisho wake ni kilomita 48, na zote zinakuja zimefungwa kwenda polepole zaidi mpaka mzazi azifungulie.

Na hata na hayo yote, CPSC wanahesabu vifo zaidi ya 700 kwa mwaka vya hizi mashine za nje ya barabara, na kwa miaka yote waliyohesabu vya kwodi, zaidi ya mmoja kati ya watano waliokufa ni mtoto wa chini ya miaka 16. Hiyo ni nchi yenye iko na sheria. Australia nao walitoa kiwango chao 2019, na kuanzia 11 Oktoba 2021 kwodi mpya za kazi za shamba lazima ziwe na chuma cha nyuma cha kumkinga mwendeshaji ikipinduka, na kipimo cha chini cha kusimama imara kwenye mteremko. Makampuni mengine makubwa yalikasirika yakaacha kuuza kwodi huko. Mimi hicho chuma nakipenda, lakini kwa kisa chetu si ndio dawa. Ukimpa mtoto wa kilo 38 mashine ya mtu mzima na chuma nyuma, bado umempa mashine ya mtu mzima.

Na hapa kwetu? Nilianza kutafuta nikidhani nitakuta pengo moja, nikakuta kitu inafanana na geti. Sheria zinafika mpaka geti na hapo zinasimama. Sheria ya Trafiki, Sura 403, inataka helmeti na jaketi ya rifleksi kwa mtu wa pikipiki. Leseni ya moped, ile ya daraja A1, ni kuanzia miaka 16. So mpwa wangu akipatikana na kapikipiki kadogo kabisa Langata Road ni kosa, na akiingia geti la kiwanja mita mia mbili kutoka hapo akalipe shilingi 2,000 anapewa cc 250. Bima ya lazima ya mtu wa tatu, Sura 405, ni ya gari linalotumika barabarani, na meneja alinijibu wazi kwamba hana bima kwa hizi mashine juu haziendi barabarani. Hazina namba pleti wala logibuku. KEBS, shirika letu la viwango, wako na kile kiwango cha KS 1515 cha kukagua magari, ndio kile cha gari lisizidi miaka minane na usukani uwe kulia, na hayo ni maswali mazuri ya gari, lakini ukiangalia kwodi usukani wa kulia ni upi? Swali la kwodi ni moja, nani anaikalia, na hilo haliwezi kujibiwa bandarini. Linajibiwa pale geti, siku hiyo, na mtu ameshika mizani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamgusa mwenye kiwanja kama mwajiri, anafaa kumfundisha huyo kijana wa kuongoza kazi yake na kuhakikisha vifaa viko salama, na nikamuuliza kijana alifundishwa siku ngapi. Asubuhi moja. Na mwenye alimfundisha ni kijana aliyeacha kazi. Namwonea huruma huyo kijana, ana miaka 21, analipwa kwa siku, siku ya ajali alikuwa ameongoza misafara tisa kabla ya huo, na watu walitaka kumpiga pale mtoni. Yeye na mpwa wangu wote waliwekwa juu ya kitu hawakuandaliwa nacho.

Sasa ile fomu. Dada yangu alikuwa anaamini kwamba kwa sababu alisaini, mambo yameisha, na meneja pia alianza hivyo, alitoa fomu kwa droo akaiweka mezani kabla hata sijakaa. Imeandikwa mteja anapanda kwa hatari yake mwenyewe. Niliisoma, ni mistari minane, haisemi hii mashine ni ya kuanzia miaka 16, haisemi kamba imeondolewa, haisemi skrubu haipo. Nikamuuliza, "Alikubali hatari gani kama hamkumwambia?" Na tuko na sheria ya wajibu wa mwenye mahali, Sura 34, ya zamani sana, inasema mwenye mahali lazima ategemee kwamba watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima. Soma hiyo mara mbili. Yaani ukisema "mtoto alikuwa mtundu" hujajitetea, umeeleza tu kile ulifaa kukitegemea kabla hujampa ufunguo. Katiba yenyewe, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na kile amenunua. Stika ilikuwa ndio hiyo habari.

Meneja hakuwa mtu mbaya, na alisema kitu kimoja ambacho nimeshindwa kukitoa kichwani. Alisema zile mbili ndogo alizinunua kwa nia nzuri, zilikuwa zinakodishwa shilingi 1,200, na wazazi wenyewe ndio wanazikataa, mtoto wa miaka 11 akipewa ndogo analia, binamu zake wako kwa kubwa, mzazi anasema si uniwekee kubwa nakulipa. Alizifunika na trepali juu hazikuwa zinatoka. Naamini alisema kweli. Lakini ndio maana naona hii kazi haiwezi kuachiwa meneja na mzazi wakubaliane pale geti na watoto wanalia, lazima kuwe na kitu kikubwa kuliko wote wawili, kitu meneja anaweza kuonyesha na kidole aseme "si mimi nimekataa".

Na hicho kitu hakihitaji sheria mpya ya miaka mitano bungeni. Sheria ya Utalii ya 2011 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, na kazi yao ni pamoja na kusajili na kutoa leseni kwa shughuli za utalii na huduma zake. Kukodisha kwodi kwa watu waliokuja kujiburudisha ni shughuli ya namna hiyo kabisa. Kaunti nayo inatoa kibali cha biashara kila mwaka. Ningekuwa mimi, kabla karatasi yoyote kati ya hizo isainiwe, mtu anaenda pale kiwanjani na anataka kuona stika ziko na zinasomeka, na Kiswahili kando yake, kamba ya dharura ifanye kazi mbele ya macho yake, mizani iwe pale geti, mwongozaji wa nyuma awepo, na kitabu cha mafunzo ya vijana kiwe na tarehe na sahihi. Kazi ya saa moja. Nimeyaandika haya kwa barua na nimepeleka nakala sehemu zote mbili, na picha ya kile kipande cha stika.

Kuhusu malipo, wakili mmoja rafiki ya familia alituambia tunaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inasikiza mambo mpaka shilingi milioni moja, pamoja na ya kuumia, na inafaa kumaliza ndani ya siku 60. Hatukufika huko. Nilimwekea meneja picha tatu mezani, tundu la skrubu, selotepu, na ile namba 16, akaziangalia kwa muda, akapiga simu kwa mwenye kiwanja, na bili yote ya hospitali ikalipwa wiki hiyo. Dada yangu alitaka hiyo tu na alitaka mtu amwambie si kosa lake. Hiyo ya pili meneja alimwambia pia, kwa mdomo wake, na nampa heshima kwa hilo.

Kuna watu wa familia wanasema sasa watoto wasiguse tena kitu cha injini. Mimi sikubali, na sababu iko hapa hapa mjini. Nenda Jamhuri Park siku ya motocross uangalie. Watoto wa miaka sita wanaruka na pikipiki, lakini mashine zimepangwa, cc 50 na watu wake, 65 na watu wake, 85 na watu wake, mtoto amevaa buti na kinga ya kifua na helmeti yenye inamkaa, na mtoto hapelekwi kundi la wakubwa juu ati binamu yake ako kule mbele. Wanaanguka, nimewaona wakianguka, wanainuka wanapangusa vumbi. Mashine inamtoshea, ndio tofauti.

Miezi mitatu baada ya ajali, daktari akiwa ameruhusu, mtoto mwenyewe aliniomba nimpeleke. Mama yake alikubali akiwa ameshika mkono wangu kwa nguvu. Kulikuwa na mzazi mmoja pale ako na pikipiki mbili za wanawe, nikamwelezea kisa chetu kwa ufupi, nikamuuliza kama mtoto anaweza kujaribu kwenye sehemu tambarare na bei ni ngapi. Bei hakunijibu. Aliinama akamtazama mpwa wangu kutoka kwa viatu mpaka kichwani, akamuuliza, "Wewe uko na kilo ngapi?"